Tulivyolifunika Lambo kwa Magamba Meupe

Kijana, siku ukikutana nami sokoni ukaniamkia vizuri, halafu ukauliza nilikuwa nafanya kazi gani kabla ya kustaafu, nitakujibu kwamba nilikuwa nafunika maji. Wenzako wengi hucheka. Wanadhani nasema habari za mfuniko wa pipa. Mimi nilifunika lambo zima, kutoka kwenye tuta mpaka kwenye matete, kwa mfuniko ambao jicho haliuoni na ng'ombe akinywa hausikii mdomoni. Magoti yangu yameanza kugoma, lakini mdomo haujastaafu, kwa hiyo kaa nikusimulie.

Naitwa Tatu. Nimezaliwa Itigi, baba alikuwa mfanyakazi wa reli, nikakua nikinywa maji ya bomba la stesheni na kudhani kwamba maji yanatoka ukutani. Ujinga huo ulinitoka nilipoajiriwa kwenye kazi ya maji hapa mkoani. Nimechimba mitaro, nimeunga mabomba, nimefufua pampu ambazo watu walikuwa wamekwisha kuzikalia matanga. Hayo yote mafundi wengi wamefanya. Ninaloringia mimi ni magamba, na leo acha niringe.

Jina lake la kitabuni ni alkoholi ya setili. Sisi tuliita magamba kwa sababu yalikuja mifukoni yakiwa vipande vidogo bapa, vyeupe, mithili ya magamba ya samaki yaliyokauka. Ukiyashika yanateleza kama mshumaa. Ukiyatupa kwenye maji baridi yanaelea, na utakoroga mpaka mkono ukuume, hayayeyuki ng'o. Lakini yatie kwenye sufuria uiweke motoni: kabla hata joto halijafika la kuchemsha chai, yamekuwa mafuta angavu. Epua, yanarudi kuwa magumu na meupe kama zamani. Yanatengenezwa kwa mafuta ya mawese au ya nazi, na kama leo asubuhi umepaka losheni, basi huenda umeyapaka bila kujua. Ndiyo yanayoifanya losheni iwe nzito, itulie kwenye kiganja badala ya kuchuruzika.

Niliposema hilo neno alkoholi kwenye mkutano wa kijiji, ustadh alisimama na mchungaji akasimama, siku hiyo dini mbili zikawa kitu kimoja. Nikampa ustadh kipande. Akakinusa, akakisugua mkononi, akasema, "Hii mbona kama losheni ya mke wangu?" Nikamwambia, "Ustadh, ni ukoo mmoja. Hii hailevyi mtu. Ukiitafuna ni kama umetafuna mshumaa." Akakaa. Mchungaji naye akakaa. Juma lililofuata wake zao wote wawili walikuja kuniomba kidogo ya kupaka visigino.

Kijiji chenyewe kiko ndani huko, kupita Sepuka. Nilipangiwa kulitunza lambo lao, na nilifikia kwa mama mmoja mjane akiitwa Mama Ntandu. Huyu mama alikuwa na maksai wawili, Kazimoto na Diwani. Kazimoto alikuwa mchapakazi. Diwani alipewa jina hilo kwa sababu alikuwa na sauti kubwa na kazi hataki. Maksai hao ndio walikuwa mikono ya Mama Ntandu. Watoto wake wameolewa mbali, yeye mwenyewe mgongo haumruhusu kulima kwa jembe la mkono, na uwele na alizeti vinavyomlisha mwaka mzima vinategemea wanyama hao wawe zizini siku mvua ya kwanza inapoanguka.

Na hapo ndipo palipokuwa na shida. Karibu kila mwaka lambo lilikuwa likikauka kabla ya mvua. Lilipokauka, ndugu yake, Yohana, alikuwa akija kutoka Misigiri kuwachukua maksai akawatunze huko kwenye maji. Yohana ni mtu mwema, lakini mvua ikianza naye ana shamba lake, na shemeji zake wana mashamba yao, na jirani yake ana lake. Kazimoto na Diwani walikuwa wakirudi wakati majirani wa Mama Ntandu wanapalilia. Akipanda hapo, alizeti yake inachanua jua likiwa limekwisha kurudi kali, na anavuna makapi. Mwaka ule nilipofika aliniambia waziwazi, "Mwanangu, mwaka huu nikichelewa tena, nakwenda kukaa kwa mkwe. Na kwa mkwe si kwangu."

Nisikilize hapa vizuri, kwa sababu vijana mnafikiri lambo hukauka kwa sababu watu na mifugo wamelinywa. Wananywa, ndiyo. Lakini mnywaji mkubwa ni jua, akisaidiwa na upepo wetu huu wa Singida usiojua kupumzika. Jua halina zamu wala foleni. Linanywa kutwa nzima, na halibebi ndoo ya kukuonyesha.

Mzee Shabani, aliyenifundisha kazi hii, hakuwa mtu wa maneno mengi. Siku ya kwanza alichukua karai la maji, akanyunyizia pumba za uwele juu yake mpaka zikatanda. Akaniambia, "Gusa katikati kwa kipande kimoja." Nikagusa. Wallahi, pumba zilikimbia! Ziliachia katikati zikaenda kubanana ukingoni, kama kuku waliotupiwa jiwe. Nikaruka nyuma. Mzee Shabani akacheka mpaka kofia ikaanguka.

"Umeona kilichozisukuma?" akauliza.

"Sikuona kitu."

"Ndicho hicho."

Akanieleza kwamba kila chembe ya magamba ina kichwa na mkia. Kichwa kinapenda maji, mkia mrefu unayakimbia. Kwa hiyo zikifika juu ya maji zinasimama wima, vichwa chini, mikia juu, zimebanana kama mtama uliopandwa bila nafasi. Zinajipanga safu moja tu, nyembamba kupita wembe wowote unaoujua, na zinasambaa zenyewe bila kusukumwa. Mvuke wa maji ukitaka kutoka unakuta njia imebanwa. Hewa wanayovuta samaki inapita, ndiyo maana kambare wetu hawakufa. Mvuke nao haufungwi wote, nisikudanganye, lakini safari yake inakuwa ngumu. Mzee Shabani alisema, "Tatu, hatuzuii wizi. Tunaweka mlango."

Kijijini niliwaonyesha kwa makarai mawili yaliyo sawa. Nikayaweka juani uwanjani mwa Mama Ntandu, moja na magamba, moja bila, watoto wakafukuzwa wasiguse. Baada ya siku kadhaa kila mtu aliona kwa macho yake karai lipi limebaki na maji zaidi. Mama Ntandu alikwenda kuwaita majirani mmoja mmoja, akiwaonyesha kana kwamba ni yeye aliyeyapika.

Lambo lakini si karai. Tulipoanza, mimi na vijana wa kamati ya maji tuliyamwaga magamba upande wenye kivuli, kwa sababu ndiko kulikokuwa kuzuri kusimama. Upande huo ndiko upepo unakoelekea. Kufika jioni magamba yote yalikuwa yamesukumwa mchangani, mstari mweupe umezunguka ukingo kama ukoko wa uji kwenye sufuria, na katikati ya lambo hakuna kitu. Mzee Shabani alipokuja kututembelea aliutazama mstari ule, akauliza nani anataka kufunika mchanga. Toka siku hiyo tukayaweka upande upepo unakotokea, ili upepo uleule adui ututandazie kazi. Tulishona mifuko kwa vyandarua vilivyochakaa, tukaitia magamba, tukaifunga kwenye madumu matupu yanayoelea, tukatia mawe kuwa nanga. Magamba yalikuwa yakitoka kidogokidogo. Upepo ukichana mfuniko, mifuko inaushona.

Na kila alfajiri nilikuwa napiga magoti ukingoni, nainamisha shavu karibu na maji, naangalia jua linapochomoza. Hiyo ni elimu ambayo hakuna simu itakupa. Palipofunikwa, viwimbi vidogo vinakufa na maji yanang'aa laini. Palipo wazi panakunjamana. Nilifika mahali nikawa nalisoma lambo lile kama unavyosoma uso wa mtu aliyekuchukia. Nikaona wapi pana tundu, nikasogeza mifuko.

Sasa tatizo. Jua la kiangazi lilipopamba moto, maji yalianza kushuka haraka kuliko yalivyopaswa. Kila alfajiri nakuta upande wa karibu na njia ya kijiji uso umekunjamana, hauna mfuniko, na tundu linakua kuelekea katikati. Naongeza magamba, kesho yake tundu liko palepale. Nililaumu upepo. Nililaumu mabata maji. Nililaumu ng'ombe, ingawa ng'ombe hawakuwa wakiingia tena, maana tulikuwa tumewajengea hori la saruji nje ya tuta.

Katikati ya wasiwasi huo Yohana akatokea kutoka Misigiri na kamba mbili begani. Akamsalimia dada yake, akanisalimia, akaenda moja kwa moja kuliangalia lambo. Aliporudi alisema kwa upole, "Dada, nimeona tope. Maksai wako leo wana nguvu za kutembea. Ukingoja mpaka maji yaishe, watakuwa mifupa, na mifupa haifiki Misigiri."

Alisema kweli, na wote watatu tulijua. Ukiwaacha waende, umekosa msimu. Ukiwazuia na maji yakaisha, umekosa maksai wenyewe. Mama Ntandu akanigeukia. "Wewe ndiye mwenye magamba. Ungekuwa mimi ungefanyaje?"

Ni rahisi kuringa mbele ya karai. Nikamwambia, "Mama, siwezi kukuapia mvua. Lakini kuna kitu kinachonichania mfuniko na sijakijua. Mjomba Yohana apumzike hapa, anipe siku nzima ya kesho. Nisipokipata, awachukue."

Yohana akaziweka kamba chini. Alikuwa mtu wa kusikiliza, na dada yake alikuwa amechinja jogoo.

Siku hiyo nililala na njaa ya makusudi ili nisiamke mzito, na kukicha nikaenda kukaa juu ya tuta. Sikugusa mfuko wala dumu. Nilikaa tu, nikatazama. Mabata wakaja, wakaogelea kistaarabu, wakaondoka. Upepo ulikuwa bado umelala. Kisha wakaja wanawake na ndoo zao.

Wa kwanza alishuka, akainama, na kabla ya kuchota akaligeuza tako la ndoo akapangusa uso wa maji, fyu, akausukuma mbele. Kisha akachota. Wa pili hivyohivyo. Wa tatu hivyohivyo. Msururu mzima, vijana na wazee, kila mmoja akausukuma uso wa maji kabla ya kuchota, na kila ndoo ilikuwa ikiufyeka mfuniko wangu na kuukunja kando. Na aliyepangusa kwa nguvu kuliko wote, akarudia na kurudia mpaka maji yakawa yanang'aa mbele yake, alikuwa Mama Ntandu.

Nikashuka. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekipata?"

"Mama, kwa nini mnapangusa maji?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini ananawa kabla ya kula. "Wewe mtoto wa bomba, nani anachota maji bila kuyapangusa? Juu kuna vumbi, kuna wadudu. Mama yangu angeniona nachota hivihivi angenichapa na ndoo yenyewe."

"Basi mama, kinachochana mfuniko ni hicho."

Mama Ntandu aliiangalia ndoo yake, akayaangalia maji, akaanza kucheka, kicheko kikamzidi mpaka akakaa chini kwenye udongo. "Yaani Tatu anafunika, mimi nafunua! Maksai wangu nimewaletea kiu mwenyewe!" Wenzake nao wakaangua kicheko. Mimi sikucheka mara moja, kwa sababu nilikuwa naona ugumu wake. Huwezi kumwambia mwanamke wa huku aache kupangusa maji. Umemwambia aache usafi, aache alichofundishwa na mama yake. Na wana haki, maji ya juu kweli yana vumbi.

Mama Ntandu ndiye aliyelipata jibu, bado yuko chini, anajifuta machozi kwa ncha ya kitenge. "Nyumbani kwangu nina sebule na nina chumba cha kulala," alisema. "Mgeni anafanya fujo zake sebuleni. Chumbani haingii. Lambo halina sebule."

Nilimkumbatia akiwa na tope lake. Tukamwita Yohana, akaja na vijana wa kamati, na zile kamba zake mbili zilizotoka Misigiri kufunga maksai zikafunga magogo makavu. Tukayapanga yakielea kwenye kona ya kuchotea, mwisho huu kwenye tuta na mwisho ule kwenye matete. Ndani ya magogo, wanawake wapanguse wapendavyo. Nje ya magogo, hakuna ndoo. Maji yanapita chini, mfuniko unazuiwa juu. Kesho yake alfajiri niliinamisha shavu langu, na nje ya magogo lambo lilikuwa laini kutoka ukingo hadi ukingo. Nilipiga kelele peke yangu pale, nikawashtua mabata.

Mimi nimewaona wahandisi hodari, na aliyetuletea magamba alikuwa mmoja wao. Michoro yake ilikuwa safi na hesabu zake zilikuwa sahihi. Nilipompelekea habari za magogo aliyachora palepale kwenye karatasi yake, akaandika juu yake neno "Sebule", akaniomba nimwonyeshe Mama Ntandu ili amshike mkono. Kazi nzuri ndivyo inavyokwenda, kijana. Mwenye hesabu na mwenye ndoo wakikaa pamoja, jua linapata shida.

Yohana alirudi Misigiri mikono mitupu. Alituachia na kamba. Kuanzia hapo siri ilikuwa kungoja, na kungoja ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya. Lambo la kijiji jirani lilikauka. Watu wakapita kwetu wakiswaga mifugo yao, wakitazama maji yetu kwa macho ya kuuliza, na kamati ikawaruhusu wanyweshe kwenye hori kisha waendelee na safari. Maji yalishuka, ndiyo. Lakini yalishuka kwa hatua ya mzee, si kwa mbio. Mifuko ya chandarua nilikuwa naijaza kila siku, maana magamba hayadumu, upepo unachukua na vijidudu vya majini vinakula. Ukilala siku moja, jua limeamka. Mawingu yalikuwa yakija, yakijisifu, yakienda zake. Mama Ntandu hakuniuliza tena kitu. Jioni alikuwa akiwapeleka Kazimoto na Diwani horini, akiwatazama wakinywa mpaka wainue vichwa wenyewe, na kila siku nilikuwa nahesabu moyoni kama mbavu za Diwani zimeanza kuonekana. Nilimpenda ng'ombe yule mvivu kuliko nilivyowahi kumpenda kiongozi yeyote.

Kisha ikanyesha. Si manyunyu. Ilinyesha mvua ya kupasua, mpaka korongo likanguruma. Kulipokucha nilibeba mfuko wangu wa magamba begani kama kawaida, nikafika lamboni nikakuta maji mekundu yanaingia kwa fujo, matawi, povu, vyura, kila kitu. Hapakuwa na cha kufunika. Nilisimama juu ya tuta sina kazi, na sijawahi kufurahi vile kukosa kazi.

Ndipo nikasikia sauti. "Diwani! Geuka, we mpiga porojo!"

Bonde zima udongo ulikuwa umelowa na hakuna plau iliyoingia, kwa sababu maksai wa kijiji walikuwa wamepelekwa mbali kwa ndugu, wenye hofu waliwahi kuwaondoa. Plau moja tu ilikuwa inapasua ardhi. Mama Ntandu yuko nyuma ya Kazimoto na Diwani, kitenge amekifunga kiunoni, mjukuu wa jirani anaongoza mbele, na mifereji myeusi inalala nyuma yake mmoja baada ya mwingine. Pembeni mwa shamba wanaume walikuwa wamesimama, kofia mikononi, wanamwamkia na kungoja zamu ya kuazima. Mwanamke ambaye miaka yote alikuwa wa mwisho kupanda!

Aliponiona alisimamisha maksai. Akawaambia wale wanaume, "Nikimaliza kwangu, anayefuata ni Tatu. Nyinyi mtafuata."

Nikacheka. "Mama, mimi sina shamba. Mimi ni mtoto wa bomba."

Akanyoosha mkono kuelekea kipande chake chini ya tuta, kile chenye udongo mzuri, ambacho hata ndugu wa marehemu mume wake walikuwa wamekiomba akawakatalia. "Una," alisema. "Njoo ushike."

Nilishika plau kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Mistari yangu ilipinda vibaya mno, wanaume wakanicheka, Diwani mwenyewe akageuza shingo kutazama ni nani huyu. Sikujali. Nililia na kulima, nikalima na kulia, na Mama Ntandu akatembea kando yangu akidondosha mbegu zake mwenyewe kwenye mtaro wangu. Sikurudi tena kukaa Itigi. Hilo ndilo shamba ninalolima mpaka leo.